Masomo ya Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Kalangalala, Geita

Jumapili, 2 Novemba 1980

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya darasa la pili mwaka juzi. Zimejazwa kurasa nne tu, na Mwalimu Mkuu amesema nilichukue kabla panya hawajalimaliza. Madukani daftari hakuna, sabuni hakuna, sukari tunasimuliana tu. Kwa hiyo nitaandika herufi ndogo, na siku isiyo na neno nitaipa mstari mmoja.

Leo ilikuwa siku ya marehemu wote. Padri alisoma majina tuliyomwandikia kwenye vikaratasi. Baba mkwe kila mwaka huandika ya baba yake na ya watoto wake wawili waliofariki wadogo. Mwaka huu alishika karatasi muda mrefu, akaikunja tupu, akaitia mfukoni.

Jina la Baba mkwe silitaji, na humu pia siliandiki. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, nimeolewa na Kamili, fundi seremala, Msukuma, mwaka wa tano sasa. Kwenye mji huu mkamwana hamtaji baba mkwe, haketi akamtazama usoni, hali anapokula yeye. Sawa, nilikubali. Tabu ni kwamba jina lake ni neno la kila siku la Kisukuma, na nikizungumza Kisukuma lazima niliruke kama dimbwi. Watu wa sokoni wananicheka.

Jioni lori lilipita barabara ya Mwanza. Bibi Febronia, mama yake Baba mkwe, haoni tena lakini masikio anayo. Akauliza kama kawaida, "Hilo si gari la Maganzo?" Mwanawe wa mwisho, Anatoli, alikwenda Maganzo kutafuta almasi mwaka hamsini na nne, hajarudi. Tukamjibu kama kawaida, "Bado, Bibi."

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Darasa la sita tulisoma viungo vya mwili kwa Kiingereza. Kitabu kina sentensi isemayo kwamba "head" yuko ofisini kwake. Mageni, ambaye hawezi kunyamaza hata ukimpa ugali mdomoni, akanyoosha kidole: "Mwalimu, kama kichwa kiko ofisini, mwili wameuacha wapi?" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Nikawaeleza kwamba Waingereza wana tabia hiyo. Wanachukua neno la kitu au la kiungo, wanalivalisha mtu. Kichwa ni mkubwa wa mahali. Kiti ni anayeongoza mkutano.

Jioni nilikuwa jikoni namsimulia Kamili. Mara sauti ikatoka nje ya ukuta, chini ya upenu: "Na mkono."

Nusura niangushe chungu. Alikuwa Baba mkwe, kajikinga mvua.

"Mkono nao ni mtu," akasema. "Mimi nimekuwa mkono wa Wazungu miaka kumi na miwili kule mgodini." Kisha nikasikia viatu vyake vikienda zake. Katika miaka mitano sidhani kama ameniambia maneno ishirini, na mengi yalikuwa marahaba.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Binti yetu Klara ana mafua. Sukari hakuna.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo yametokea ya ajabu na lazima niyaandike yote.

Nilikuwa jikoni namenya karanga. Nikasikia kigoda kikiburutwa nje, kikatua ukutani, mgongo wa mtu ukaegemea udongo.

"Mama Klara."

"Abee, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nifundishe Kiingereza."

Nilidhani ananitania, lakini Baba mkwe hana utani na mimi, wala haruhusiwi kuwa nao.

"Kiingereza cha nini, Baba?"

"Cha maneno machache. Lakini yanyooke."

Akaeleza. Mwezi wa tatu wanakuja wataalamu wa madini kupima mashimo ya mgodi wa zamani, ule uliofungwa mwaka sitini na sita. Yale mabovu, ambamo ng'ombe wa watu wanatumbukia, yatajazwa mawe. Katibu kata ametangaza. Mkubwa wa msafara ni mzungu.

"Shimo namba tatu lina mtu," akasema. "Nataka nimwambie yule mkubwa kabla hawajamwaga mawe."

"Mtu gani, Baba?"

"Nifundishe kwanza."

Nikamwambia si lazima ahangaike, watakuwepo Watanzania, atawaambia kwa Kiswahili, au Kamili atawaambia. Alinijibu kwa ukali mpaka karanga zikanitoka mkononi.

"Aaa! Uongo ulisemwa kwa Kiingereza. Utafutwa kwa Kiingereza. Unanifundisha au hunifundishi?"

Nikasema nitamfundisha. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, na mwalimu wake hawezi kumwona wala kumtaja. Chuoni hawakutufundisha njia hiyo.

Jumanne, 11 Novemba

Somo la kwanza. Yeye nje chini ya upenu, mimi ndani, ukuta katikati. Nasema neno, anarudia. L na R zinapigana mdomoni mwake, lakini kumbukumbu anayo kuliko darasa langu zima. Mama mkwe, Bernadina, anapita na ndoo, anatingisha kichwa, anacheka peke yake.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo alitaka kujua habari ya kiti. Nikamweleza kwamba kwa Kiingereza anayeongoza mkutano anaweza kuitwa kiti tu, "chair", basi.

"Sisi tunasema mwenye kiti."

"Ndiyo, Baba."

"Yaani mtu yupo, na kiti anacho. Wao wamebakiza kiti." Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, ana kicheko chembamba cha kike. "Na mkono? Kwa nini hawakuchukua mguu? Mle ndani tulitembea kuliko ng'ombe wa mnadani."

"Walihitaji mikono ya kufanya kazi, Baba."

"Hasa. Walichukua walichokihitaji." Akasogeza kigoda. "Lakini tusiwaseme sana. Na mimi jina langu ni kitu. Mama alinizaa wakati wa taabu, wakaniita hivyo hivyo. Nilipokua watu wakasahau kitu, wakabaki na mimi."

"Nalijua, Baba."

"Najua unalijua. Nakusikia unavyoliruka."

Nimeona aibu mpaka masikio. Baadaye nikacheka peke yangu jikoni kama kichaa.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua usiku kucha. Udongo wa ukuta wa jiko umeanza kumomonyoka kwa nje, fito zinaonekana. Kamili anasema atakandika jua likitoka.

Jumamosi, 29 Novemba

Shule zinakaribia kufungwa. Nasahihisha. Mageni ameandika kwamba mwili una vichwa viwili, kimoja ofisini. Nimempa alama.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Gwaride lilinyeshewa. Somo lilikuwa la neno "body". Nilimwambia ni mwili. Ukisema "somebody" ni mtu fulani, na "nobody" ni kwamba hakuna mtu.

"Hakuna mtu, lakini mwili umo?"

"Ni neno tu, Baba."

Alilirudia mara mbili kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Hilo sitalitumia. Lete lingine."

Jioni lori. "Hilo si gari la Maganzo?" Bado, Bibi. Leo nilisikia Baba mkwe akikohoa pale nje, akasimama, akaenda kwenye zizi ingawa ng'ombe walikuwa wameshafungwa.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Wali, kuku mmoja kwa watu tisa. Bibi aliniita mke mwenzake mbele ya wageni na kuniuliza kama mume wetu ananitunza. Tumecheka sana.

Jumamosi, 3 Januari 1981

Tundu limetokea ukutani, pana kama kiganja, usawa wa bega langu nikiwa nimekaa. Naona kipande cha shati lake la khaki. Nikahamisha kigoda changu upande. Naye akahamisha chake. Kamili alikuja na udongo, Baba mkwe akamwambia aache, mvua itaula tena. Ni kweli, lakini sidhani kama ndiyo sababu. Nafikiri hataki watu wazunguke pale.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekasirika, na leo nitamaliza kurasa.

Alikuja mapema, mvua ya rasharasha. Nikasema leo tutunge sentensi yenyewe, muda unakwenda. Nikamuuliza anataka kumwambia nini yule mzungu. Akasema nimfundishe kusema hivi: si mikono yote ilitoka.

Nikamuuliza kwa nini mikono, kwa nini asiseme watu. Ndipo akanieleza. Alieleza akiwa ameupa ukuta mgongo, polepole, kama anayesoma. Nayaandika kama alivyoyasema.

Kule mgodini kila mtu alikuwa na kipande cha bati chenye namba. Ukiwa nje, kipande chako kinaning'inia kwenye ubao mlangoni. Ukiingia unakichukua, unakitia mfukoni. Ukitoka unakitundika. Kabla ya kuwasha baruti, nyapara anatazama ubao. Ukijaa, watu wametoka. Yeye alikuwa namba 417. Anatoli, mdogo wake, namba 418.

Anatoli alikuwa na mchezo. Zamu ikiisha alipenda kubaki nyuma dakika chache, akipekua nyufa kutafuta vijichembe vya dhahabu. Kwa hiyo alikuwa akimpa kaka yake kipande chake: nitundikie, nakuja. Walifanya hivyo mara nyingi. Kaka anatundika viwili, mdogo anatoka baadaye akinawa uso kama aliyetoka zamani.

Siku hiyo, mwezi wa pili, hamsini na nne, akatundika viwili. Akaamini mdogo wake yuko nyuma yake ngazini. Ubao ukajaa. Mzungu wa zamu akaja mwenyewe, akauliza kwa Kiingereza, mikono yote imetoka? Yeye ndiye alikuwa karibu. Akajibu maneno matatu, Kiingereza pekee alichokuwa nacho: "All hands out."

Wakawasha.

"Nilisubiri atokee," Baba mkwe akasema. "Vumbi lilitoka, yeye hakutoka. Nikafungua mdomo niseme, nikaona ubao umejaa. Nikaona kila mtu atajua nani alitundika. Nikafunga mdomo."

Shimo liliporomoka, kampuni ikaliacha, ikachimba lingine. Kwenye vitabu vyao hakufa mtu. Yule mdogo aliandikwa mtoro. Na nyumbani yeye alimwambia mama yake kwamba Anatoli amefuatana na vijana wa Maganzo, almasi. Mgodi ulipofungwa ubao ukatupwa jalalani, akaenda akakichomoa kile kipande. Anacho mpaka leo, kwenye kopo la tumbaku.

Nilikuwa nimeshika bakuli la karanga na sikumbuki nililiweka saa ngapi. Nilimhurumia, Mungu anajua. Lakini pale ndani ya nyumba alikuwa amelala Bibi Febronia, miaka ishirini na saba anasikiliza malori. Na mimi mwenyewe nimemjibu bado, bado, miaka mitano, kama kasuku.

Nikasema, "Na Bibi je?"

Akakohoa.

"Baba, nitakufundisha mpaka useme kama BBC. Lakini ukishamwambia mzungu kwa Kiingereza, utamwambia Bibi kwa Kisukuma. Usipokubali, mimi nimeishia hapa."

Yesu wangu, sijui nilitoa wapi mdomo huo. Mkamwana kumwekea baba mkwe masharti! Kigoda kilisogea, akaondoka bila kuaga. Kamili hajui. Nikimwambia itakuwa nimelisema mimi, na si langu kulisema.

Jumapili, 18 Januari

Hakuja kanisani.

Jumanne, 20 Januari

Nikiwa jikoni nikasikia kigoda. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akasema tu, "Tuendelee." Nimeendelea, lakini kwa sauti kavu. Bado nina hasira naye.

Jumamosi, 24 Januari

Tunatafuta neno. Nilimwambia meli ikizama Waingereza huhesabu roho, "souls". Akafurahi, kisha akakataa. Anasema ukisema roho wataleta padri tu, na yeye anataka walete kamba. Nikamwambia lipo neno "man", mtu. Akalirudia mara nyingi. Anaona ni fupi mno kwa mtu aliyekuwa mrefu kama Anatoli.

"Alikuwaje, Baba?" nikauliza. Hakuna aliyewahi kunieleza.

Akanieleza nusu saa nzima. Aliimba vibaya. Alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, bila kuichemsha, mfukoni, akienda kazini. Aliogopa mbwa. Nilipomaliza kumsikiliza hasira ilikuwa imepungua, sijui imekwenda wapi.

Jumatano, 28 Januari

Mvua kubwa. Daraja la chini limefunikwa. Watoto kumi na wanne tu darasani.

Jumamosi, 7 Februari

Ukuta umeanguka.

Mvua ilikuwa inapiga tangu asubuhi na yeye alikuwa chini ya upenu, amejifunika gunia, anarudia sentensi. Nikasikia fito zinalia. Kabla sijasema neno, upande mzima wa udongo ukashuka, pwaa, na hapo nikawa namtazama Baba mkwe usoni, hatua mbili, hakuna kitu katikati yetu ila mvua.

Ana jicho moja dogo kuliko lingine. Kumbe Kamili amerithi hapo. Na alikuwa akilia. Sikujua kwamba masomo yote yale alikuwa anayasoma hivyo.

Nilijifunika uso kwa khanga. Yeye akageuka, akaacha kigoda, akaenda kwenye mvua kichwa wazi. Mama Bernadina alikuja mbio akidhani tumeangukiwa. Aliponiona mzima akapiga makofi ya mshangao, kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa juu ya udongo. "Mkwe na mkwe! Loo! Mvua hii haina adabu!" Mimi sikuweza kucheka. Zimebaki wiki tatu na siku chache, na nilijua hatakuja.

Jumanne, 10 Februari

Hakuja.

Jumamosi, 14 Februari

Hakuja. Kamili ameziba kwa turubai. Katibu kata amethibitisha, wataalamu watafika tarehe tatu mwezi wa tatu, na lori la mawe watakuja nalo.

Jumatano, 18 Februari

Bibi hali vizuri. Anakunywa uji vijiko vitatu anasema ameshiba. Lori lilipita saa kumi na moja, akauliza kwa sauti ndogo sana, ikabidi niiname. Sikuweza kusema bado. Nilimshika mkono tu. Akaniambia, "Mke mwenzangu, leo umenuna."

Jumamosi, 21 Februari

Mama Bernadina ameniletea kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Ametoka kwa Baba mkwe. Ndiyo desturi yao, nilikuwa naisikia tu: baba mkwe akitaka kumwondolea mkamwana ule mwiko, anampa kitu chenye uhai, na tangu hapo wanaweza kutazamana na kutajana. Wengine wanakaa mpaka wanazeeka hawajapewa.

"Amesema ni wa kukufungua mdomo," Mama akasema. "Na amesema lile jambo la Bibi, sawa. Jambo gani la Bibi?"

"Atakwambia mwenyewe, Mama."

Alinitazama, akaona sitasema, akafyonya kidogo, akaenda. Nimemfungua kuku kamba. Usiku huu amelala chini ya kitanda cha Klara. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumatatu, 23 Februari

Somo limeendelea. Turubai limefunuliwa, tumekaa kila mtu kwenye kigoda chake. Hatutazamani sana, tumezoea kusikilizana. Jina lake bado siwezi. Nilijaribu peke yangu nyuma ya zizi, ulimi ukagoma. Nimemwita Baba kama siku zote, naye hakudai zaidi.

Jumamosi, 28 Februari

Sentensi imekamilika. Anasema vizuri. Nimempa kumi juu ya kumi, akaniuliza kumi ya nani, ya mwalimu au ya mkamwana.

Jumanne, 3 Machi

Niliomba ruhusa shuleni. Mama Bernadina alishinda na Bibi. Baba mkwe alivaa koti la kanisani na kopo la tumbaku likatuna mfukoni. Kamili alikuja pia. Njiani baba yake alimweleza yote, wakiwa wametangulia mbele yangu. Nilimwona Kamili akisimama ghafla, mikono kichwani, kisha akaendelea kutembea, sasa akiwa amemshika baba yake kiwiko.

Jua lilikuwa limetoka, tope mpaka magotini. Shimo namba tatu halionekani kama shimo, ni bonde dogo lenye vichaka na matofali ya zamani. Lori la mawe lilikuwa limeshageuzwa, matako yake upande wa bonde. Mkuu wa msafara alikuwa mzungu mrefu mwenye kofia ya turubai. Pamoja naye alikuwepo Ndugu Donatus, mtaalamu wa miamba kutoka Dodoma, kijana mpole mwenye miwani.

Baba mkwe akaenda moja kwa moja, akavua kofia, akasimama mbele ya mzungu. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya sentensi tatu. Akazisahau zote, nikaona zinavyomtoka. Kisha akasema kitu ambacho sikumfundisha:

"I say all hands out. Not true. My brother is in."

Nilisema mikono yote imetoka. Si kweli. Ndugu yangu yumo. Makosa ya nyakati mle ndani yapo, na mimi ni mwalimu, nayaona. Kamwe sitayasahihisha.

Mzungu akainama, akasema hakuelewa vizuri, arudie. Kumbe si Mwingereza hata kidogo! Katoka nchi nyingine huko Ulaya, na Kiingereza chake kinachechemea kuliko cha Baba mkwe. Basi wakasimama pale wazee wawili, kila mmoja akiokota neno lake, mikono ikionyesha: ubao, ngazi, baruti, chini. Ndugu Donatus alitaka kusaidia kwa Kiswahili, Baba mkwe akamzuia kwa kiganja. Ilichukua muda mrefu. Mwishoni mzungu akavua kofia yake na yeye. Akamwambia dereva wa lori azime injini.

Ndugu Donatus akatoa daftari. Alisema shimo hilo halitajazwa, litazungushiwa seng'enge na kuwekwa alama, na kamba zao hazifiki chini, lakini habari itaandikwa kwenye ripoti. "Jina la aliyemo?"

"Anatoli," Baba mkwe akasema.

"Na lako, mzee?"

Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akaligeukia bonde, na Kamili alikuwa ameketi kwenye tofali, kichwa kati ya magoti. Ndugu Donatus akanigeukia mimi.

"Wewe ni binti yake?"

"Mkamwana wake."

"Basi nitajie jina lake, mama."

Kwao ni mbali, hakujua alichoniomba. Nilitazama chini. Nikamkumbuka yule kuku mwekundu, na sauti nje ya ukuta ikisema, nakusikia unavyoliruka. Nikainua uso.

"Makoye," nikasema.

Lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka dereva akageuka. Na Baba mkwe, akiwa bado anatazama bonde, akaitika: "Naam."

Ndugu Donatus akaandika. Nimeliandika na mimi. Kwa Kisukuma ni shida, ni tabu, na kwenye karatasi hii ni jina la mtu tu.

Kabla hatujaondoka alifungua kopo la tumbaku. Kipande kimepauka, namba 418 inasomeka. Alishuka mwenyewe, tukimshikilia koti, akakifunga kwa waya kwenye mzizi pale penye mdomo wa shimo. Akasema hakikutakiwa kuwa nje wakati mwenyewe yumo.

Jumatano, 4 Machi

Jumatano ya Majivu. Baada ya misa Baba mkwe aliingia chumbani kwa mama yake, akaketi sakafuni kama mtoto, akamweleza kwa Kisukuma. Mama Bernadina alisikia akiwa mlangoni, akashika fremu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga yowe. Alimpapasa kichwa, majivu yakamshika vidoleni. Akauliza kama siku ile Anatoli alikuwa amekula.

"Michembe, Mama. Mfukoni."

"Haya," akasema Bibi. Kisha akamfukuza nje, akataka alie peke yake, na amelia.

Alhamisi, 5 Machi

Watu wanakuja. Matanga ya mtu aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Wengine wanamtazama Baba mkwe kwa jicho baya, na wana haki. Yeye anapokea kila mtu amesimama. Kaka yake Bernadina hakumpa mkono.

Jumamosi, 7 Machi

Kamili anakandika ukuta wa jiko. Kuku ametaga yai la kwanza kwenye kapu la madaftari ya darasa la sita.

Jumapili, 8 Machi

Mvua kidogo. Padri amesoma jina la Anatoli. Bibi amemaliza bakuli la uji. Jioni lori lilipita barabara ya Mwanza, la taratibu, limejaa. Sote pale uani tulimtazama Bibi. Alikuwa anafuta kamasi za Klara kwa pindo la khanga. Lori likapita, likaishia, na Bibi hakuuliza.